Zamu ya Sifuri

Sifuri ile ilianza kama jambo la heri, na asije mtu akasema vingine. Mafundi watano na msimamizi wao waliketi siku moja wakati wa chai, wakakubaliana kuibeba kwa zamu, mwaka huu wewe, mwakani mimi, kama watu wa nyumba moja wanavyopokezana kufagia uwanja. Hakuna aliyekula njama ya kumdhulumu mtu. Walichotaka ni kufanya kazi bila kuoneana kijicho.

Kazi yao ilikuwa mita za maji. Zililetwa karakanani kwa magunia, zimeng'olewa kwenye nyumba za watu, nyingine zimekwama kabisa, nyingine zinahesabu kama zimepandwa na mashetani. Mafundi walizifungua, wakazisugua kutoa mchanga na chokaa, wakabadilisha vigurudumu vilivyolika, kisha wakazifunga kwenye benchi la majaribio. Bomba lilifunguliwa, lita mia zikapita kwenda kwenye tangi la kupimia. Mita ikisema mia, imepona. Ikisema tisini, inarudi mezani. Mwisho wa yote msimamizi alipitisha waya, akabana lakiri, muhuri wa risasi, kwa koleo lake, na ndiyo maana wote walimwita Mama Lakiri, hata mumewe siku akitaka kumtania. Hakuna mita iliyotoka mlangoni bila kupita mkononi mwake.

Sasa, mita zinapimika. Watu ndio waliomtia Mama Lakiri matatani. Makao makuu yalileta fomu ya tathmini yenye amri ndani yake: wakati wa kugawa nyongeza ya mwaka, kila karakana lazima iwe na fundi mmoja wa sifuri, na mwenye sifuri haongezwi hata senti. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwamba haiwezekani watu wote wawe wazuri. Aliyekuwa akijibu hivyo ni afisa utumishi, bwana mmoja nadhifu, shati halina hata kunyanzi, mpenda kuzungumza kwa asilimia mpaka mafundi wakambandika jina la Bwana Asilimia. Na nyongeza yenyewe ndiyo ipi! Ukienda nayo sokoni unarudi na vitunguu na kiberiti. Lakini ni haki yako, na kuikosa huku mwenzako kaipata kunachoma kupita ukubwa wake.

Mwaka wa kwanza Mama Lakiri alitii. Alikaa na daftari lake, akahesabu mita za kila mtu, akampa sifuri fundi mmoja mtu mzima ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kuwa mzito. Mzee wa watu hakugomba. Alisoma barua yake, akamaliza chai, akakunja aproni, na kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Mama Lakiri aliumia vibaya.

Dawa ilitoka kwa Redio. Huyu alikuwa fundi wa kike wa makamo, mwepesi wa mikono, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake uliokuwa hauzimwi kuanzia asubuhi mpaka kengele ya jioni.

"Tuizungushe," alisema Redio. "Kila mwaka mmoja wetu anajitwisha hiyo sifuri yao. Sisi wengine tunamchangia kidogo kila mwezi kutoka kwenye nyongeza zetu, mwishowe wote tunakuwa sawa. Wao watapata sifuri yao na sisi tutapata amani yetu. Kuna ubaya?"

Hakuna aliyeuona ubaya. Wa kwanza kujitwisha alikuwa Miwani, ambaye macho yake bila miwani hayakumtofautisha mtu na mlango. Akafuata Bwana Harusi, aliyeoa miaka sita iliyopita na mpaka leo hajasamehewa suti aliyoivaa siku ile. Wa tatu alikuwa Msomi, mwenye stashahada ukutani kwake na tabia ya kusoma kila tangazo mara mbili. Mwenye sifuri aliitwa Mheshimiwa mwaka mzima na kumiminiwa chai kabla ya wengine. Mama Lakiri alibuni alama, akajaza fomu, akapeleka. Waliizoea sifuri mpaka ikawa kichekesho, na hapo ndipo walipokosea, maana ofisini karatasi zile hazikuwa zikitupwa.

Mwaka wa nne zamu ilikuwa ya Redio mwenyewe. Lakini mama yake mzazi alikuwa amelazwa, mguu umeoza kwa kidonda, na Redio alitaka mkopo wa matibabu, na wakopeshaji walitaka kuona barua ya nyongeza. Fundi Taratibu akamwambia, "Nipe mimi, dada, wewe utachukua yangu mwakani." Taratibu alikuwa baba wa watoto watatu, mtu wa maneno ya kuhesabu, aliyepima kila mita mara mbili hata kama ya kwanza ilikuwa imetosha. Karakana nzima hakukuwa na fundi kama yeye.

Mwakani ndiyo ikafika. Redio akamfuata Mama Lakiri akiwa ameinamisha uso. Kidonda cha mama bado kilikuwa kinafungwa bandeji, mkopo ulihitaji kuongezewa muda, barua ilitakiwa tena. Mara hii tu, alisema, mara hii tu. Taratibu alipoulizwa hakuinua hata kichwa kwenye jiliwa alilokuwa amebania mita.

"Niandike mimi, Mama. Si karatasi tu?"

Jumatatu fomu ikaenda, na Taratibu ndani yake amekaa na sifuri ya pili.

Alhamisi asubuhi Mama Lakiri akaitwa ofisini. Bwana Asilimia alimsogezea waraka juu ya meza kwa kidole kimoja, akamwachia asome. Maneno yalikuwa machache. Mfanyakazi yeyote asiyepata nyongeza kwa miaka miwili mfululizo atapunguzwa kazini mara tu barua za mwaka huu zitakapotoka.

"Kwako nimeona yupo mmoja," alisema Bwana Asilimia. "Mwaka jana sifuri, mwaka huu sifuri. Umemvumilia sana, Mama. Wengine wangekuwa wameshamtoa."

Mama Lakiri aliukunja waraka, akabaki nao mkononi. Alitafuta neno, na lililokuja lilikuwa la uongo.

"Fomu yangu ina kosa. Nilichanganya majina."

Bwana Asilimia aligonga kalamu mezani, tk, tk, tk.

"Una mpaka kesho saa sita mchana. Baada ya hapo nafunga faili. Ila ukibadilisha uandike sababu, na sababu iwe ya kweli. Ipo karakana moja tuligundua msimamizi anabuni alama. Hakumaliza siku kazini. Na kiinua mgongo hakukiona."

"Nimesikia."

"Nakwambia kwa sababu nakuheshimu. Umebakiza miaka mingapi kustaafu?"

"Mitatu."

"Basi. Mitatu si mingi."

Alitoka pale akipiga hesabu. Mumewe alikuwa ameumia uti wa mgongo kazini, sasa alitembea kwa kushika ukuta, na nyumba nzima ilikuwa inakitazama kiinua mgongo kile. Njiani kurudi karakanani, hatua mia na kidogo kupita magunia ya mita, alijiuliza mara kumi kama awaambie au anyamaze. Alipofika mlangoni na kumwona Taratibu ameinama juu ya tangi anasoma kipimo, midomo inahesabu, akajua hawezi kunyamaza.

"Fungeni maji," alisema. "Njooni hapa wote."

Akawaeleza. Alipomaliza, Miwani ndiye aliyezungumza wa kwanza, akiifuta miwani yake kwa pindo la aproni ingawa haikuwa na uchafu.

"Si kesho bado ipo? Mtoe Taratibu, weka mwingine. Huyo mwingine atakuwa na moja tu, na moja haimfukuzishi mtu."

"Sawa. Nani?" aliuliza Mama Lakiri.

Hapo ndipo karakana ilipokuwa ndogo. Bwana Harusi alisema yeye yake alishabeba, tena bila kulia. Msomi alikuwa ameushika waraka karibu na dirisha, anausoma kwa mara ya pili. Akasema atakayeandikwa sasa, mwakani atakuwa ananing'inia kama alivyo Taratibu leo.

"Na nani ajuaye watatoa waraka gani mwakani?" aliongeza. "Labda watasema hata moja inatosha."

"Wewe Msomi acha kutisha watu," alisema Bwana Harusi.

"Sitishi, nasoma."

Zamu ilikuwa ya nani, kila mtu alijua. Hakuna aliyemtazama Redio, na kule kutomtazama kulikuwa kubaya kuliko kumnyooshea kidole. Yeye alikuwa ameinamia kifuniko cha shaba, anakipiga tupa mahali palipokwisha kulainika zamani. Mdomo ule ambao ulikuwa na la kusema juu ya mvua, bei ya sabuni na ndoa za watu, leo haukutoa hata pumzi. Mama Lakiri alimngojea. Alimngojea mpaka hasira ikampanda kifuani, akatamani kumshika mabega amtikise.

"Jamani," alisema Taratibu mwishowe, "mita zinangoja." Akarudi kwenye benchi lake. Lakini Mama Lakiri aliuona mkono wake juu ya vali. Ulikaa pale muda mrefu kabla ya kufungua maji.

Siku ile watu waliondoka bila kuagana. Mama Lakiri alichukia kila mtu kwa zamu: Bwana Asilimia, makao makuu, Redio, na zaidi ya wote nafsi yake, kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu miaka yote.

Ijumaa asubuhi, kabla hajatia ufunguo kwenye kufuli, alimkuta Redio amesimama mlangoni. Macho yamevimba.

"Niandike mimi, Mama. Ni zamu yangu. Tena nimeikwepa mara mbili."

"Na mkopo?"

"Nitajua huko mbele. Jana sikusema kwa sababu niliogopa. Niliogopa, Mama, sina neno lingine. Nimefika nyumbani nimeshindwa kumtazama mama yangu."

Hasira zote za jana zikamwishia Mama Lakiri palepale. Alimvuta ndani, wakafungua fomu mpya juu ya meza ya lakiri. Ilibaki sehemu ya sababu. Aandike nini juu ya fundi ambaye hajawahi kurudishiwa mita?

"Andika naongea sana," alisema Redio.

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kisha Mama Lakiri akaandika kwamba mita tatu za fundi huyu zilirudi zikiwa zinavuja. Haikuwepo hata moja. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuibania lakiri mita ambayo haikupita benchini, na sasa mkono uleule ulikuwa unamsingizia mtu mwenye adabu ya kazi. Kumbunia mtu alama kulikuwa kumezoeleka. Kumbunia makosa kulimwacha na ladha chungu mdomoni.

Saa tano na dakika arobaini alikuwa mbele ya Bwana Asilimia, ambaye alizisoma fomu mbili, ya Jumatatu na ya leo, akiziweka sambamba.

"Siku nne tu, fundi mbaya kabadilika."

"Nilisema nilichanganya majina."

"Ulisema." Akainua muhuri, akaushikilia hewani kidogo, kisha akaushusha. "Haya."

Majuma mawili yaliyofuata karakana ilipumua. Taratibu hakusema asante kwa maneno, ila Redio alikuta vifaa vyake vyote vimenolewa na kupangwa, na chai yake imemiminwa kabla ya za wengine. Mdomo wake ulirudi kazini. Alisimulia habari za shemeji yake aliyenunua kochi lisilopita mlangoni, Bwana Harusi akacheka mpaka akaangusha kigurudumu ndani ya tangi. Mama Lakiri alikuwa akiwatazama na kujiambia limekwisha, limepita.

Barua zilikuja siku ya Jumanne, na Bwana Asilimia alizileta mwenyewe. Hilo peke yake lilitosha kumstua Mama Lakiri, maana miaka yote barua zilikuwa zikitumwa kwa tarishi. Aliingia, akaepuka madimbwi ya maji sakafuni asichafue viatu, akagawa bahasha kwa kuita majina ya kwenye orodha.

Bwana Harusi alikuwa wa kwanza kuchana yake. Akaipindua, akatazama nyuma.

"Bwana, yangu haina kitu."

"Wala yangu," alisema Miwani, karatasi imegusa pua.

Zote zilikuwa zimeandikwa maneno yaleyale. Kutokana na hali ya fedha, mwaka huu hakuna nyongeza kwa mfanyakazi yeyote. Kulikuwa na sentensi ya kuwashukuru kwa moyo wao wa kujituma, na saini ya mtu ambaye hawajawahi kumwona.

"Mnatujazisha fomu, mnatugombanisha, kumbe mfuko mtupu!" alifoka Miwani. "Hata hivyo vitunguu mmetunyima?"

Bwana Asilimia alikuwa anamtazama Taratibu, na Mama Lakiri akafuata macho yake. Bahasha ya Taratibu ilikuwa nene kuliko nyingine. Ilikuwa na karatasi mbili. Taratibu alikuwa ameisoma ya kwanza, sasa ameshika ya pili kwa mikono miwili.

"Ni nini?" aliuliza Mama Lakiri.

Msomi aliichukua karatasi, akaisoma mara moja tu. Mara hii hakuhitaji ya pili.

"Wamempunguza," alisema. "Mama, waraka ulisema asiyepata nyongeza miaka miwili. Haukusema mwenye sifuri. Mwaka huu hakuna aliyepata. Sisi mwaka jana tulipata, yeye hakupata. Kwa hiyo yeye ana miwili."

"Lakini nilibadilisha!" Mama Lakiri alimgeukia Bwana Asilimia. "Alama zake mwaka huu ziko juu kuliko za wote! Ulipiga muhuri mbele yangu!"

"Alama anazo. Nyongeza hana. Nimeletewa orodha, Mama, sikuitunga mimi. Karakana zote ni hivyohivyo, kila aliyekuwa na sifuri mwaka jana."

"Kwa hiyo walipouleta ule waraka walikuwa wanajua hakutakuwa na nyongeza," alisema Mama Lakiri.

Bwana Asilimia alirekebisha kola yake ambayo haikuwa na tatizo. "Fundi asaini hapo chini," alisema. "Asiposaini, malipo yake ya mwisho yanachelewa."

Sifuri ya mwaka jana. Ile ambayo haikuwa yake. Kila mmoja alilifikia jambo hilo kwa wakati wake, ungeweza kuliona likipita usoni kwa Miwani, kwa Bwana Harusi, kwa Msomi. Redio alikuwa amefika kabla yao. Alifungua mdomo.

"Usiseme kitu, dada," alisema Taratibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumsikia akitoa amri. Hakupaza sauti. "Una mgonjwa nyumbani. Nyamaza."

Redio akaufumba mdomo. Na Mama Lakiri, tuseme ukweli wake wote, akashusha pumzi. Alishukuru. Akawaza kwamba miaka yake mitatu imepona, mumewe amepona, na hatalazimika kufungua kinywa. Shukrani ile ilidumu kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaiona ilivyo, kwamba amefurahi kwa sababu mtu mwema amekubali kuumia bila kelele, na akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Taratibu alitandika karatasi juu ya benchi, akapangusa kwanza maji kwa kiwiko. Alitembeza kidole chini ya mistari. Kikasimama.

"Hapa pameandikwa utendaji hafifu," alisema. "Hii nayo ni lazima iwepo?"

"Ndivyo zilivyochapwa zote," alijibu Bwana Asilimia.

"Nauliza tu. Wanangu watataka kuisoma."

Akaomba kalamu. Akapewa. Aliinama, akaitafuta sehemu ya kuweka saini, na ncha ya kalamu ilikuwa imegusa karatasi Redio alipopiga ukelele uliowafanya wote waruke.

"Ilikuwa yangu!"

Bwana Asilimia aligeuka. "Nini ilikuwa yako?"

"Hiyo sifuri ya mwaka jana. Ilikuwa yangu. Zamu ilikuwa yangu mimi, yeye alinibebea." Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni, wala hayafuti. "Niandikeni mimi. Mtoeni yeye, mniandike mimi."

"Zamu gani?"

Vali ya benchi ilikuwa haijakazwa vizuri, maji yakidondoka ndani ya tangi. Bwana Asilimia aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamalizia kwa Mama Lakiri, na akauliza tena, polepole, zamu gani.

Mama Lakiri alikuwa na pa kutokea. Angeweza kusema huyu dada kachanganyikiwa, mgonjwa wake kamchosha, msamehe bwana, na yule bwana angekubali. Usoni alionekana kabisa kwamba angependa aambiwe hivyo, Taratibu asaini yaishe, yeye arudi ofisini kwake kukavu. Mama Lakiri alikwenda kwenye benchi, akaitoa kalamu mkononi mwa Taratibu.

"Alama zote nilizibuni mimi," alisema. "Miaka hii yote ya zamu, na hii ya sasa. Sifuri yenu tulikuwa tunaizungusha. Kila mwaka mmoja anaibeba, wengine wanamchangia. Wao walikubali, lakini kalamu niliishika mimi na saini ni yangu. Huyu dada hakuwahi kurudishiwa mita inayovuja. Na huyu unayemfukuza ndiye fundi bora niliyewahi kufanya naye kazi."

"Mama, unajua unachokisema?"

"Najua. Uliniambia mwenyewe."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Wote wanajua tayari. Uliyekuwa hujui ni wewe."

Bwana Asilimia alivua miwani ya kusomea, akaibana kwenye mfuko wa shati.

"Basi niambie ukweli sasa," alisema. "Fundi mbaya hapa ni nani?"

"Hayupo."

"Lazima awepo mmoja."

"Hayupo, bwana. Ungekuwa unakuja kutuona kazini ungejua."

Bwana Asilimia akanyoosha mkono, akaichukua karatasi ya Taratibu ambayo haikuwa na saini ila nukta moja ya wino, akairudisha kwenye faili.

"Hii siwezi kuitoa juu ya alama za kubuni," alisema bila kumtazama mtu. "Inarudi makao makuu. Watakachosema watasema. Fundi aendelee na kazi." Kisha akamgeukia Mama Lakiri, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe tuongozane. Beba na kitambulisho chako."

Mama Lakiri alikuwa nacho shingoni. Alifungua aproni kwanza, mafundo yakamsumbua, Taratibu akaja nyuma yake akamfungulia. Alitaka kuwaambia kitu, kwamba wasigombane, kwamba mita za gunia la kijani ni za hospitali na zina haraka. Akakumbuka atakayezifunga lakiri hatakuwa yeye, akashindwa kusema hata hilo. Akatangulia mlangoni.

Alikuwa ameshavuka kizingiti aliposikia tupa inawekwa mezani na hatua za haraka zikimjia nyuma.

"Nakuja na mimi," alisema Redio.

Hakuna aliyekuwa amemwita.